Wiki moja ya John Tenniel: safari ya kipande cha mbao, 1–8 Juni 1870

John Tenniel alichora katuni za jarida la Punch la London kwa nusu karne, tangu mwishoni mwa 1850 hadi Januari 1901. Wengi leo wanamjua kwa kazi aliyoifanya kando ya ajira hiyo: picha za vitabu viwili vya Alice vya Lewis Carroll, pamoja na mashairi yaliyomo ndani yake. Katuni na picha za mashairi zilipita njia ileile. Zilianza na maneno ya mtu mwingine, zikachorwa kwa penseli juu ya mbao, zikachongwa na watu wengine, ndipo zikafika kwa msomaji.

Hapa tunakifuata kipande hicho cha mbao siku kwa siku. Ratiba ni ile Tenniel aliyoishika wiki baada ya wiki, kama alivyoieleza mwenyewe uzeeni. Tumeichagua wiki iliyoanza Jumatano, 1 Juni 1870, kwa sababu siku hiyo alimwandikia Carroll barua iliyolitoa shairi zima kitabuni.

Jumatano, 1 Juni

Tunaanzia Portsdown Road, Maida Vale, mtaa ambao sasa unaitwa Randolph Avenue. Barua inakwenda Oxford, kwenye chuo cha Christ Church, anakofundisha hisabati Charles Dodgson, ambaye vitabuni hujiita Lewis Carroll. Kitabu cha pili cha Alice kinaandaliwa, na Tenniel ana mambo mawili ya kusema.

La kwanza ni dogo. Katika tukio la treni inayoruka, anapendekeza Alice ashike ndevu za mbuzi, maana ndicho kitu kilicho karibu na mkono wake, badala ya nywele za bibi kizee. Carroll alikubali, na katika kitabu kilichochapishwa ni ndevu za mbuzi anazozishika.

La pili ni zito. Kitabuni kulikuwa na sura iliyomhusu nyigu mzee aliyevaa wigi, na ndani yake shairi ambamo nyigu anasimulia jinsi nywele zake zilivyokuwa za mawimbi ujanani, hadi watu wakamshawishi azinyoe. Tenniel anaandika bila kuzunguka kwamba sura hiyo haimvutii hata kidogo, haoni picha ndani yake, na kwamba nyigu mwenye wigi ni jambo lililo nje ya uwezo wa sanaa. Sura ikaondolewa. Prufu zake, yaani kurasa za majaribio za mchapaji, zilijitokeza mnadani London mwaka 1974, na maandishi yakachapishwa 1977.

Ukiisoma sura hiyo kwa jicho la mchoraji, unamwelewa. Kichwa cha nyigu ni macho makubwa na vipapasio, basi. Kifunike kwa wigi, tena juu yake kuna leso iliyofungwa kuzunguka uso, na kinachobaki ni mzee yeyote mwenye mgongo uliopinda. Wigi lenyewe limeelezwa kuwa la njano inayong'aa, kama leso, na limetimka kama mwani. Wino ni mweusi, karatasi ni nyeupe; njano haina mahali pa kukaa. Maneno yanaweza kumshawishi msomaji kwamba huyu ni nyigu hata akiwa amefunikwa. Mstari wa penseli hauna nafasi hiyo.

Jioni safari inashuka kusini-mashariki, hadi Bouverie Street karibu na Fleet Street, kwenye meza ya Punch. Kila Jumatano wahariri na wachoraji wa ndani hula pamoja hapo. Sahani zikiondolewa, hujadili jambo moja: katuni kubwa ya wiki ijayo iwe ya nini. Mezani kuna pengo. Mark Lemon, mhariri tangu jarida lianzishwe mwaka 1841, amefariki tarehe 23 Mei, siku tisa tu zilizopita. Nafasi yake inashikwa na Shirley Brooks.

Namna ya kuamua haibadiliki: mmoja anatoa wazo, wengine wanalipinga au kulirekebisha, na mwisho wanakubaliana juu ya tukio, watu watakaokuwemo na maneno ya chini ya picha. Tenniel hazungumzi sana. Alisema baadaye kwamba, kama ana siasa zake, anakaa nazo mwenyewe, na anazozitangaza ni za jarida lake. Anaondoka na mada, si na mchoro. Hilo ni muhimu kulishika, kwa sababu ndivyo alivyofanya kazi na washairi pia. Tofauti ni kwamba kwa mshairi aliweza kusema hapana, kama alivyosema siku hiyohiyo.

Alhamisi, 2 Juni

Siku ya kufikiri na ya mchoro wa awali. Hakuna mtu anayekuja kukaa mbele yake ili achorwe. Tenniel hakutumia watu wa mfano, na Carroll aliwahi kulalamika kwamba kati ya wachoraji aliofanya nao kazi, huyu peke yake alikataa katakata, akidai hawahitaji kama vile Carroll asivyohitaji jedwali la kuzidisha. Kitu akishakiona, hukikumbuka: sare ya askari, kiti, mtambo, uso wa waziri.

Tena anaona kwa jicho moja. Mwaka 1840, akiwa kijana wa miaka 20, alikuwa akicheza upanga na baba yake, kinga ya ncha ya upanga wa baba ikachomoka, na ncha ikamgusa jicho la kulia. Likapofuka polepole. Baba yake hakuambiwa ukubwa wa jeraha. Anayejua hilo huweza kuliona katika katuni zake: watu wamepangwa kwa tabaka zilizo wazi, wa mbele kwa mistari minene, wa nyuma kwa myembamba, kama jukwaa la maigizo. Hatudai kwamba jicho ndilo lililosababisha; uchongaji wa mbao wenyewe unapenda mpangilio huo. Lakini vitu hivyo viwili vilikubaliana.

Kazi ya Alhamisi ni kuchagua sekunde. Katuni ina sekunde moja tu, na mchoraji wa shairi ana tatizo hilo mara nyingi zaidi, kwa kuwa shairi linatembea ubeti kwa ubeti. Njia ya Tenniel inaonekana vizuri katika shairi la mzee William, lililo katika kitabu cha kwanza cha Alice. Lina beti nane: kijana anauliza, mzee anajibu, mara nne. Tenniel alichora picha nne, moja kwa kila swali na jibu lake: mzee akisimama kwa kichwa, akipiga sarakasi ya kinyumenyume mlangoni, akiwa amemaliza bata bukini mzima na mifupa yake, na akimsimamisha juu ya pua samaki mrefu aitwaye mkunga. Hakuna ubeti uliobaki bila picha, na hakuna picha mbili zinazogombania tukio moja. Kijana anarudi katika kila picha na mshangao wake, kama kituo kinavyorudi mwishoni mwa kila ubeti katika mashairi yetu. Hiyo ni akili ya mtu wa gazeti, anayejua msomaji atatazama mara moja na kufunua ukurasa.

Mchoro wa awali unafanywa kwenye karatasi, na hautupwi. Mara nyingi aliumalizia baadaye kwa mtu aliyetaka kuununua.

Ijumaa, 3 Juni

Hii ndiyo siku kubwa. Asubuhi anainamia mbao na haondoki mpaka jioni.

Mbao ni ya boksiwudi, mti unaokua polepole sana, uliokuwa ukiletwa Uingereza kutoka Uturuki na nchi za Bahari Nyeusi. Inakatwa kwa kukingama shina, ili uso wa kuchorea uwe ule wenye duara za umri wa mti. Huko nyuzi za mti zimesimama wima, hivyo chuma cha kuchongea kinapita upande wowote bila kupasua. Ukichonga mbao iliyokatwa kwa urefu wa shina, mstari unaokingamana na nyuzi hutoka na makovu. Unene wa kipande ni milimita 23 na kidogo, sawasawa na kimo cha herufi za kuchapia, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, kwa sababu vitafungwa pamoja kwenye fremu moja na kupigwa wino kwa pamoja. Kikizidi hata kwa unene wa karatasi, picha itakuwa nyeusi na herufi za jirani zitafifia.

Shida ya boksiwudi ni wembamba wa shina. Hakuna mti wa kutoa ubao wa ukurasa mzima wa Punch. Kwa hiyo vipande vidogo vya mraba huunganishwa kwa parafujo na nati kwa nyuma, vikasuguliwa uso kwa pamoja hadi viwe kitu kimoja. Njia hii ya parafujo ndiyo iliyoyafanya majarida ya kila wiki yenye picha kubwa yawezekane. Sababu tutaiona kesho.

Uso wa mbao ni wa rangi ya manjano iliyofifia na unateleza. Penseli haishiki. Unapakwa tabaka jembamba sana la rangi nyeupe, ambalo likikauka linakuwa kama karatasi laini. Hapa makosa mawili ni ya kawaida. Nyeupe ikiwa nzito, inabanduka chini ya mkono wa mchongaji na mstari unaondoka nayo. Ikiwa nyepesi mno, rangi ya mti inapenya na mchoraji hawezi kupima kivuli chake.

Halafu kunakili. Tenniel anaweka karatasi nyembamba inayoonyesha juu ya mchoro wa awali na kuufuata. Mabadiliko yote ya mpangilio na mwendo wa watu anayafanya kwenye karatasi hiyo, kwa kuwa juu ya mbao kufuta kunachafua ile nyeupe. Karatasi inageuzwa na mchoro unahamishiwa kwenye mbao ukiwa kinyume, kushoto kulia, kulia kushoto. Ikipigwa chapa itajigeuza tena. Mchoraji mgeni husahau mambo matatu: upanga unahamia mkono wa kushoto, vifungo vya koti vinahama upande, na maandishi yoyote ndani ya picha lazima yaandikwe kinyume. Kwa Tenniel huo ulikuwa utaratibu wa kila wiki, na katika kitabu cha pili cha Alice alifanya nao jambo zuri: Alice anaingia kwenye kioo upande mmoja wa karatasi na anatokea upande wa pili, na picha zote mbili zina herufi JT za sahihi yake, moja ikiwa imegeuzwa.

Penseli ni 6H, ngumu kuliko zote zinazotumika mezani kwa kawaida, iliyotengenezwa maalumu kwa ajili yake. Mchoro unaotoka ni wa kijivu, mwembamba kama utando wa buibui. Faida yake ni kwamba ncha haiishi upesi na mstari haupakazi. Hasara inamwangukia mwingine: mchongaji anapokea mistari ya kijivu cha kila daraja, lakini mbao haina kijivu. Mahali pana mbao iliyosimama, pataloa wino mweusi. Mahali palipochimbwa, patabaki peupe. Kila kijivu cha Tenniel ni lazima mtu akiamue upya.

Kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni kipande kinakabidhiwa. Tarishi wa Joseph Swain, mchongaji wa Punch, amekuwa akingoja kama saa nzima. Kufikia saa 1 na nusu usiku kiko mezani kwa wachongaji.

Jumamosi, 4 Juni

Kazi imeanza usiku wa jana na lazima iishe usiku wa leo, yaani takriban saa 24 kwa ukurasa mzima. Mtu mmoja hawezi. Hapo ndipo parafujo zinapoonyesha maana yake: kipande kinafunguliwa, na kila mchongaji anachukua mraba wake.

Kabla ya kufungua, kuna hatua isiyorukwa. Mchongaji mkuu anachonga kwanza mistari yote inayovuka maungio, kidogo kila upande. Akiiacha, huyu atachonga mkono wa waziri kwa mstari mnene, jirani yake atauendeleza kwa mwembamba, na vikiunganishwa mkono utaonekana umevunjika. Hata hivyo maungio hujisaliti. Mbao ikikauka inajikunja kidogo, ufa mwembamba unafunguka, na kwenye karatasi unatokea mstari mweupe ulionyooka ukikata anga au vazi la mtu. Katika matoleo ya zamani ya Punch na majarida mengine ya wakati huo, mstari huo unaonekana kwa macho matupu.

Mchongaji anakaa na mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, mbao juu yake. Mkono wa kulia unashika chuma na kukisukuma. Mkono wa kushoto unaizungusha mbao juu ya mfuko. Mstari uliopinda unapatikana kwa kuzungusha mbao, mkono wa chuma ukitulia. Usiku, taa ya gesi inapitishwa kwenye tufe la kioo lililojaa maji ili mwanga ukusanyike mahali pamoja. Sehemu isiyofanyiwa kazi inafunikwa kwa karatasi, maana jasho na pumzi vinafuta penseli.

Sasa angalia kwa karibu kivuli cha mistari inayokingamana, ambacho Tenniel alikipenda. Kwa penseli ni kazi ya sekunde: mistari kumi huku, kumi kule juu yake. Kwa mchongaji, mistari hiyo ndiyo inayobaki imesimama, na kinachochongwa ni vijinafasi vyeupe vilivyo katikati. Kila kijinafasi kina pembe nne kama almasi, na chuma lazima kiingie kutoka kila upande bila kugusa mstari. Kumi kwa kumi ni takriban vijinafasi mia moja, katika eneo la ukubwa wa ukucha. Chuma kikiteleza mara moja, mstari umekatika na utatoka na pengo jeupe.

Kosa hurekebishwa kwa kuziba. Sehemu iliyoharibika inatobolewa, kizibo cha boksiwudi kinagongwa humo, kinasuguliwa kulingana na uso, mchoro unarudiwa juu yake na kuchongwa upya. Kwa kitabu inawezekana, kwani kuna miezi. Kwa Punch, Jumamosi usiku, hakuna muda. Mchongaji anauacha mstari wa jirani uwe mnene zaidi ili kuficha pengo. Ndiyo maana katuni za Tenniel zina mistari migumu kuliko michoro yake ya penseli. Swain alinenepesha ile mistari ya kijivu ili istahimili mtambo, na tunaona alikuwa sahihi, ingawa Tenniel alisononeka.

Jumapili na Jumatatu, 5–6 Juni

Kipande kimefungwa tena parafujo na kimefika kwenye uchapaji wa Bradbury na Evans, Whitefriars. Jumatatu usiku Tenniel anapokea kwa posta nakala ya toleo litakalouzwa Jumatano. Alipokuwa mzee alikiri kwamba hakuwa na ujasiri wa kulifungua. Dada yake alilifungua na kumpa, naye akalitupia jicho na kupata, kwa maneno yake, maumivu yake ya kila wiki.

Kwa vitabu, hatua hii ilikuwa na ulinzi zaidi. Mbao ya boksiwudi ikipigwa chapa maelfu ya mara, mistari myembamba inachakaa na kukatika. Kwa hiyo vipande vya Alice, vilivyochongwa na Dalziel Brothers wa Camden Town, havikuwekwa mtamboni. Vilitumika kutengenezea nakala za shaba. Kipande kinakandamizwa kwenye nta. Nta inapakwa unga wa grafiti ili ipitishe umeme. Inatumbukizwa kwenye maji ya mrututu pamoja na bamba la shaba, na umeme unaihamisha shaba hadi ijenge ganda jembamba juu ya nta. Ganda linabanduliwa, linajazwa risasi kwa nyuma, linapigiliwa kwenye mbao hadi lifikie kimo cha herufi. Grafiti isipofika kwenye kona, shaba haioti hapo na mstari unakuwa na tundu. Nta ikivutwa kwa pupa, mistari myembamba inapanuka.

Hata nakala nzuri inaweza kuharibiwa na uchapaji. Mwaka 1865 nakala 2,000 za kitabu cha kwanza zilichapishwa Oxford, kwenye mitambo ya chuo kikuu. Julai Tenniel alimwandikia Carroll kwamba hakuridhika kabisa na picha zilivyochapishwa. Carroll, aliyekuwa akilipia gharama mwenyewe, aliziondoa zote na kuanza upya kwa mchapaji Richard Clay wa London. Toleo jipya likatoka Novemba likiwa na mwaka 1866 kwenye jalada la ndani. Karatasi zilizobaki za Oxford ziliuzwa kwa D. Appleton wa New York. Mtu wa katuni, aliyezoea kumeza maumivu yake kila Jumatatu kwa sababu jarida halisubiri, alipopata kitabu kinachoweza kusubiri, alidai kisubiri.

Jumanne, 7 Juni

Katuni ya wiki haimo tena mikononi mwake, na ya wiki ijayo bado haijaamuliwa. Kwa ratiba hii, siku kama hii ndiyo iliyobaki kwa mashairi.

Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1861 toleo la Longmans la Lalla Rookh, shairi refu la Thomas Moore kuhusu binti mfalme anayesafiri kutoka Delhi kwenda Kashmir, lilitoka na picha 69 zake, zilizochongwa na Dalziel. Ni kazi ya bidii, mavazi na majengo yamechorwa kwa uangalifu, lakini imetulia mno. Moore anamtaka mchoraji apendeze. Carroll anamtaka mchoraji aamini jambo lisilowezekana na kulichora kana kwamba limetokea Bungeni jana, na hapo mazoezi ya Punch yanalipa.

Chukua shairi la kitabu cha pili la Walrus, yule mnyama mkubwa wa bahari za baridi, na Seremala. Carroll alimpa Tenniel achague kati ya seremala, kipepeo na baroneti (bwana mwenye cheo cha kurithi), kwa kuwa kwa Kiingereza majina yote matatu yana mizani sawa na lolote lingeingia kwenye mshororo bila kuuharibu. Tenniel akachagua seremala, na akampa kofia ya karatasi ya pembe nne ambayo mafundi wa wakati huo waliikunja wenyewe. Kipepeo asingeweza kukaa juu ya jiwe akila, na baroneti angekuwa mtu mwingine tu wa suti. Seremala ana kofia, zana na mikono ya kazi. Kuhusu chaza wadogo, shairi linasema viatu vyao vilikuwa safi, kisha linashangaa kwa kuwa hawana miguu. Mchoraji hawezi kushangaa, lazima aamue. Tenniel akawachorea vijiguu vyembamba vinavyotoka chini ya gamba, na viatu juu yake. Mzaha wa ubeti umesalia kwenye ubeti, na picha ina wa kwake.

Jabberwock, dude la kutisha katika shairi jingine la kitabu hicho, ni suala tofauti. Shairi lina beti saba za mishororo minne, na ubeti wa kwanza, ambao ndio pia wa mwisho, umejaa maneno yasiyomo katika kamusi yoyote. Mnyama mwenyewe ameelezwa kwa taya zinazouma, kucha zinazonasa na macho ya moto. Mengine yote ni ya Tenniel: shingo ndefu, uso wa samaki wenye vipapasio, mabawa ya popo, na juu ya tumbo kizibao kilichofungwa vifungo. Kizibao hicho ndicho alama ya mtu wa katuni. Simba wa Uingereza na dubu wa Urusi walipita chini ya penseli yake wiki kwa wiki, na alijua kwamba mnyama mwenye kipande kimoja cha nguo anatisha na kuchekesha kwa wakati mmoja. Kijana mwenye upanga amewekwa chini, mdogo, kisogo kwetu, ili sisi tusimame nyuma yake. Msitu ni mistari inayokingamana tupu, na kwa Dalziel hiyo maana yake ni vijinafasi vyeupe kwa maelfu.

Picha ilikusudiwa kuwa ya mwanzo kabisa wa kitabu. Carroll akaogopa kwamba itawatia watoto hofu, akawaandikia akina mama wapatao 30 kuomba ushauri. Mwishowe ikaingizwa ndani, karibu na shairi, na mbele akawekwa Mpanda Farasi Mweupe. Kwa maoni yetu ilipata mahali pake: inahitaji beti zile kando yake.

Kitabu kilitoka Desemba 1871 na picha 50. Cha kwanza kilikuwa na 42. Baada ya hapo Tenniel alimwambia Carroll kwamba uwezo wa kuchora picha za vitabu umemtoka. Katuni aliendelea nazo kwa miaka mingine 30. Picha za Alice zenyewe zilisafiri mbali: mwaka 1940 tafsiri ya Kiswahili, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ilichapishwa London ikiwa na michoro iliyofuata mpangilio wa Tenniel, na Elisi akiwa msichana wa Kiafrika.

Jumatano, 8 Juni

Jarida linauzwa kwa peni tatu, likiwa na tarehe ya Jumamosi inayofuata, 11 Juni. Jioni, Bouverie Street, meza inakaa tena.

Anayetaka kuitambua njia hii kwenye ukurasa ulio mbele yake aanze na kona za chini za picha. Katika vitabu vya Alice tafuta herufi za JT zilizofumwa pamoja, na jina Dalziel lililochongwa kwa herufi ndogo. Kwenye katuni za Punch za miaka hiyo jina la mchongaji ni Swain. Kisha fuatilia anga au ukuta ulio wazi, ukitafuta ule mstari mweupe ulionyooka. Ukiuona, umepata ungio la mbao. Kwenye picha za Alice hautauona, kwani ni ndogo, za kipande kimoja. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1890 usihangaike nao sana: kamera iliingia, mchoro ukapigwa picha, na Tenniel hakulazimika tena kuuacha mchoro wake ufe chini ya chuma.

Vipande vya mbao vya Alice vilikutwa mwaka 1985 katika hifadhi ya benki London, na sasa viko British Library. Mwaka 1988 vilipigwa chapa moja kwa moja, bila nakala za shaba. Linganisha chapa hizo na toleo lolote la kawaida, hasa msitu wa Jabberwock: kwenye toleo la kawaida vijinafasi vingi vimejaa wino na kuwa doa moja jeusi, kwenye chapa za 1988 kila kimoja kiko wazi.